Usiiguse Ndoo

Mapenzi haya, kwa masikitiko makubwa, yalianzia kwenye ndoo. Ilikuwa ndoo nyeusi yenye kifuniko, ya mwisho ya rangi hiyo dukani, saa sita mchana, watu wamesongamana kwenye vyombo vya plastiki kana kwamba vinagawiwa bure. Mkono mmoja uliushika mpini kutoka kulia, mwingine kutoka kushoto.

"Kaka, niachie," alisema wa kushoto, nesi mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata, na raba za rangi ya chungwa ambazo hakuna daktari aliyethubutu kuzitolea maoni.

"Dada, nimeiona kwanza. Nahifadhia grisi." Huyu alikuwa fundi wa lifti, ovaroli ya bluu, bisibisi sikioni kama kalamu.

"Mimi naoteshea saladi."

"Humo? Udongo je?"

"Hauhitajiki. Ni maji tu, yenye chakula chake."

"Kwa hiyo inaota kwa maombi."

"Kachukue ile nyekundu, grisi haina macho. Mimi nataka nyeusi, mwanga usipenye maji yakafanya utando wa kijani."

Fundi aliiachia ndoo, moyo wake ukaondoka nayo. Ile nyekundu aliisahau kabisa.

Wiki ya pili alikuwa chumbani kwa Nesi, ghorofa ya tatu, akielekezwa mbele ya dirisha. Kifuniko kilikuwa na tundu. Tunduni mlikaa kikombe cha mtindi chenye matobo. Ndani yake sifongo iliyoshika mche. Nesi alipima chakula cha mimea kwa bomba la sindano, uso ameukaza kama yuko wodini.

"Maji yaguse kitako cha kikombe, basi. Mizizi ikishuka, maji yatapungua, na hapo..."

Kuanzia hapo Fundi hakusikia neno. Nesi alivaa hereni ndogo za bluu, na hereni zilikuwa zinatikisika.

Fundi hakuwa mtu wa kutulia. Lifti nzima aliijaribu mara nne kuhakikisha ni nzima. Nyumbani alifungua friji ghafla, aikute taa ikiwa bado imezima. Na simu, alipiga mara saba kwa siku.

"Mpenzi, umekula?"

"Nilikula ulivyoniuliza dakika kumi zilizopita."

"Sawa. Na ile simu niliyokupigia kabla ya hiyo, uliiona?"

Nesi alipopelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili, alimkabidhi ufunguo. "Kazi yako ni kufungua pazia asubuhi. Ndoo usiiguse."

Siku ya tatu Fundi alifunua ndoo. Maji yalikuwa yameshuka shibiri nzima, mizizi inaning'inia hewani kama nyaya zilizokatika. Alikimbilia bomba, akajaza mpaka pomoni. Kesho yake majani yalilegea. Akaongeza.

Nesi alirudi, begi likiwa bado begani, akainua kifuniko. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza.

"Umejaza maji."

"Yalikuwa yanaisha, mpenzi! Ningeyaangalia tu?"

"Ndiyo! Ile nafasi juu ya maji ndipo mizizi inapopumulia. Umeizamisha." Alitua begi chini. "Saladi tatu za kwanza niliziua mwenyewe nikijifunza. Hii ilikuwa imekubali." Alinyoosha mkono. "Ufunguo."

"Kwa sababu ya saladi?"

"Kwa sababu nilisema usiguse. Na simu saba kwa siku, Fundi! Mimi nami napumulia wapi?"

Fundi alikwenda kununua ile ndoo nyekundu. Aliipaka rangi nyeusi mara mbili, akapanda mche, akaanza kazi ngumu kuliko zote za maisha yake: kutofanya kitu. Simu aliifungia kwenye sanduku la vifaa.

Nesi naye, siku ya kwanza, alifurahia ukimya. Siku ya nane aliizima simu na kuiwasha, huenda ina hitilafu. Siku ya ishirini alimwomba mwenzake ampigie, aone kama inaita. Iliita vizuri sana, akanuna hadi jioni.

Wiki ya tano, lifti ya hospitali ilifunguka mbele ya Nesi. Ndani alisimama Fundi, shati limenyooshwa, mkononi ndoo, juu yake saladi kubwa kama kichwa cha mtu.

"Funua," alisema Nesi.

Mizizi ilikuwa myeupe. Maji yalibaki robo.

"Hukuongeza hata tone?"

"Nilikalia mikono, mpenzi. Ina ganzi mpaka leo." Mlango ulimgonga bega, ukafunguka tena. "Nataka nikuoe. Nafasi ya kupumua nitakuachia. Shibiri nzima."

"Utanipigia mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja."

"Sista, tunapanda au hatupandi?" aliuliza mzee mwenye magongo.

Nesi aliushika mpini wa ndoo kutoka kushoto.

"Mara mbili," alisema, "na ya pili iwe ndefu. Haya sogea, babu aingie."