Mkunjo Usiokuwepo

Kila siku ya likizo Bingwa aliamka, akanawa uso, akaudharau ulimwengu, kisha akamfuata shangazi yake kazini katika jumba la makumbusho. Huko shangazi alishinda ameinamia hadubini, akichunguza jinsi mafundi wa kale walivyopaka dhahabu juu ya shaba. Kwa Bingwa, hiyo ilikuwa kazi ya watu waliokosa shughuli. Dhahabu inang'aa, basi.

Hata hivyo, alikubali kuchora uso wa kishikizo kimoja cha nguo kama kinavyoonekana ndani ya hadubini. Mchoro ungetundikwa ukutani siku ya maonyesho, na alikuwa ameshawatangazia wanafunzi wenzake, kwa unyenyekevu wake wa kawaida, kwamba waje wajifunze.

Aliinama, akafumba jicho moja, akaona ukungu. Angezungusha skrubu taratibu picha ingetulia, lakini subira aliwaachia wajinga. Alifungua kitabu kilichokuwa mezani akanakili picha ya karatasi za dhahabu zilizopandana, zenye mikunjo laini kama shuka. Mchoro ulipendeza hata akajionea wivu.

Shangazi aliutazama kwa muda mrefu. Alisema kwamba ikiwa ni hivyo, yote aliyoandika kuhusu kishikizo kile ni makosa. Akachukua kalamu.

“Hebu nionyeshe huu mkunjo, mwanangu, nami niuone kabla sijafuta.”

Bingwa akainama tena. Safari hii alizungusha skrubu polepole, maana hakuwa na pa kukimbilia. Hapakuwa na mkunjo hata wa dawa. Vilijaa vishimo vidogo, kama uji ulioganda ukitokota. Angeweza kusema kishikizo kimesogea. Uongo ulishafika ulimini. Lakini kalamu ya shangazi ilikuwa juu ya karatasi, ikimngoja yeye.

“Haupo, shangazi. Nimenakili kitabuni.”

Shangazi hakumgombeza, na hilo liliuma zaidi. Alimweleza kwamba fundi hakubandika karatasi za dhahabu; alichanganya dhahabu na zebaki, akaipaka, akaichoma. Zebaki ilipotoka kama mvuke, iliacha vishimo. Kisha akampa karatasi nyingine.

Siku ya maonyesho wenzake walimuuliza kwa nini bingwa mzima amechora ngozi ya chura. Akawaeleza habari za zebaki, masikio yakimwaka moto. Walipoondoka, alinung'unika kwamba mchoro ule wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi.

“Ulikuwa mzuri,” shangazi alikubali. “Ila fundi huyu ameshakufa, hawezi kujitetea. Ukichora usichokiona, unamsingizia marehemu.”