Walivyoliacha Baraza la Ijumaa

Kila asubuhi Faustina alipita kwa akina Mbuke na kupiga hodi, naye Mbuke akatoka mbio na dumu lake huku akimalizia kutafuna kiazi. Kisha wakafuata tuta la mfereji mkubwa hadi shuleni. Pande zote mbili mpunga wa Usangu ulikuwa umeanza kuiva, na ndege walishaipata habari hiyo mapema kuliko wenye mashamba.

Wawili hao walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la pili. Faustina alikuwa mtoto wa wenyeji. Wazazi wa Mbuke walihamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kabla yeye hajazaliwa, lakini wapo watu kijijini waliozidi kuwaita wageni. Mtu amezaliwa hapa, ameotea meno hapa, bado anaambiwa ni mgeni!

Mwaka huo pampu ya shule iliharibika. Likabaki bomba la mkono, nalo lilitoa maji kwa kubembelezwa. Watoto wakawa wanasukumana, na siku moja mtoto wa darasa la kwanza aliangushwa akang'oka jino. Ndipo Rabson, kaka mkuu, alipopanda juu ya ukingo wa bomba.

"Mnataka maji au mnataka fujo?" aliuliza. "Niachieni mimi hili bomba, mtaona."

Wakamwachia. Na tumpe haki yake, alilimudu. Foleni ikanyooka, wadogo wakachota kwanza, na walimu, ambao walikuwa wachache na kazi nyingi, wakapumua.

Shule hiyo ilikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa mchana wanafunzi walikaa baraza mbele ya ofisi, na mtoto yeyote aliruhusiwa kusimama na kumwuliza kiranja swali. Kiranja alilazimika kujibu mbele ya wote. Baraza lenyewe lilichosha, tusidanganyane. Huyu alisimama kulalamikia fagio, yule akalalamikia chaki, na jua linachoma. Isitoshe, msimu ule kila mtoto alitakiwa awahi shambani kuamia ndege.

Rabson alilijua hilo. Ijumaa moja alisema, "Jamani, ndege wanamaliza mpunga wa wazazi wenu na sisi tuko hapa tunaongelea fagio. Tusimamishe baraza mpaka mavuno yaishe. Mwenye shida anifuate mimi."

Mikono ikanyooshwa juu, na wa Faustina ulikuwa miongoni mwa ya kwanza. Mbuke hakunyoosha wake.

"Na kama shida ni yeye mwenyewe, tumfuate nani?" alimnong'oneza Faustina.

"Wewe nawe! Twende, mama ananisubiri," Faustina alimjibu huku akicheka.

Basi baraza likafa kwa makofi, walimu nao wakipiga. Baada ya hapo Rabson akachagua vijana wa kumsaidia, nao wakaanza kutembea na fimbo. Ni za kunyooshea foleni tu, alisema. Waliomsifu wakawa wanachota mara mbili. Anord wa darasa la tano aliuliza kwa nini, akapewa kazi ya kusafisha vyoo peke yake. Toka siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Neno ulilolisema njiani jioni, asubuhi ulilikuta limeshafika kwa Rabson, hata watoto wakaanza kuogopana wenyewe kwa wenyewe. Rabson akicheka, wote walicheka, hata kama hakuna cha kuchekesha. Mwalimu Damari, mwalimu wa nidhamu, alipita pale bombani, akaona utulivu, akasifu.

Maji nayo yakazidi kupungua. Watoto wakaanza kumtazama Rabson kwa macho ya kuuliza, naye akatafuta wa kumtupia lawama.

"Mnajua maji yanaishia wapi?" alisema. "Ng'ombe za hawa wageni ndizo zinayamaliza. Kuanzia leo watoto wa wafugaji wanachota mwisho."

Ng'ombe hawakuwahi kunywa maji ya bomba lile, na kila mtoto alilijua hilo. Wote wakanyamaza. Na mwisho wenyewe haukufika, kwa sababu kengele ililia kabla.

Faustina alikuwa amepewa kazi ya kusimamia foleni ya wasichana. Aliipenda kazi hiyo, kwa kuwa dumu lake lilijaa kwanza. Siku moja Mbuke alimsogelea na kikombe.

"Faustina, nipe kidogo tu. Koo limekauka."

Vijana wa fimbo walikuwa wanamtazama. Moyo ulimwambia ampe. Mdomo ukasema, "Subirini zamu yenu."

Mbuke alimwangalia, kisha akageuka akaondoka. Kuanzia siku hiyo akawa anakunywa maji ya mfereji, ambamo watu wanafua na ng'ombe wanavuka. Asubuhi hakumngoja Faustina tena.

Haukupita muda mrefu, Mbuke akaanguka na homa. Tumbo likamkata, akashindwa hata kusimama. Walimpeleka hospitali kwa pikipiki, kapakatwa katikati kama mtoto mchanga, kisha akahamishiwa Mbeya. Faustina akabaki peke yake kwenye dawati. Usiku hakulala vizuri.

Asubuhi moja wanafunzi wakiwa mstarini, baba yake Mbuke, Mzee Ngolo, aliingia shuleni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Mwalimu," alimwambia Mwalimu Damari, "daktari anasema ni homa ya matumbo. Ameniuliza mtoto anakunywa maji wapi. Nikamwambia shuleni kuna bomba. Mtoto naye akasema bomba siyo letu. Naomba mnieleweshe."

Mwalimu Damari aliwageukia wanafunzi. "Nani anajua habari hii?"

Rabson alikuwa amesimama mbele, anawatazama mmoja mmoja. Faustina aliogopa fimbo, akaogopa vyoo, akaogopa kuchekwa. Lakini alimwogopa zaidi Mzee Ngolo aliyesimama pale bila kumlaumu mtu. Akatoka mstarini.

"Ni kweli, baba. Watoto wa wafugaji wanazuiwa maji. Hata mimi nilimnyima Mbuke."

Anord naye akatoka, akaeleza ya vyoo. Wakafuata wengine, hadi Rabson akabaki peke yake, maana wenye fimbo nao walikuwa wameshazitupa nyuma yao. Akaanza kulia. Kumbe naye alikuwa mtoto tu, ila hapakuwa na wa kumzuia.

Siku hiyo Rabson alivuliwa ukaka mkuu, na uongozi wa kijiji ukaahidi kutengeneza pampu. Baraza likarudi Ijumaa ya wiki hiyohiyo, na Mwalimu Damari akasimama wa kwanza.

"Kwenye historia mnasoma habari za nchi ambako mtu mmoja alishika kila kitu," alisema taratibu. "Watu wakafungwa, wakakimbia makwao. Kila mwaka mnaniuliza, wale watu wazima walikubalije? Mmeona wenyewe. Rabson hakuja na fimbo siku ya kwanza. Alikuja na foleni nzuri, tukampigia makofi, na mimi nilipiga. Mbuke alianza kukosa maji siku ile tuliyokubali kwamba kiongozi asiulizwe."

Mbuke alipona. Lakini Mzee Ngolo alikwisha kuamua kuihamisha familia yake hadi Lindi, kwa ndugu zake. Siku ya safari Faustina alikwenda kuwaaga na mama yake. Alimkuta Mbuke amekaa juu ya mizigo, amekonda, shingo imekuwa nyembamba.

"Nisamehe, Mbuke. Rabson ndiye..."

"Rabson hakuwa rafiki yangu," Mbuke alisema polepole. "Yeye hakuniuma."

Mzee Ngolo, aliyekuwa akifunga kamba, alimsogelea Faustina akamwekea mkono begani.

"Mwanangu, ulisema kweli mbele za watu, na mimi nakushukuru. Ila ulisema mtoto akiwa ameshalazwa. Siku nyingine ukiona mtu ananyimwa haki yake, awe rafiki yako au asiwe, sema siku hiyohiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Gari likaondoka. Mbuke hakupunga mkono, na Faustina alilia pale barabarani kwa sauti, mama yake akimshika, bila kujali nani anamwona.