Siku Moja Aliyoomba Achola

Jumanne ile nilikuwa kwenye cherehani yangu mjini, mtaa wa Kaloleni, nikimshonea mteja zipu, Dishon alipopiga simu kujisifu. Dishon ni mdogo wa mume wangu. Kujisifu alikujua tangu utotoni. Kazi nyingine zote alijifunzia njiani. Kampuni iliyokuwa ikijenga barabara ya kwetu ilimfanya msimamizi, na tangu siku hiyo alivaa kofia ya plastiki hata kanisani.

Kwetu ni Kowidi, ufuko wa kaskazini wa ghuba ya ziwa, mbali kule ukishapita Otonglo. Samaki wetu walikuwa wakifika mjini wameharibika, na wajawazito walipelekwa hospitali kwa mkokoteni. Kwa hiyo barabara tuliitaka, asije mtu akasema tulipinga maendeleo.

Kilichobaki, alisema Dishon, ni kaburi moja tu. Ijumaa mgeni mkubwa angekuja kutoka Nairobi kukata utepe, na lami isipofika ziwani, yeye angefutwa kazi.

Kaburi lilikuwa la Ondiek, jirani yetu. Alizama ziwani mwaka wa tisini na nne na mwili haukuonekana. Kwetu mtu wa namna hiyo haachwi hivi hivi. Watu huchukua yago, lile tunda refu, zito, lisiloliwa, wakalifunga shuka, wakalililia na kulizika ndani ya boma kama mtu. Ndipo marehemu hutulia. Dishon aliyajua haya yote, maana alizaliwa palepale.

Jumatano nilifuatana na mama mkwe wangu, Rachael, tukasimame na Achola, mjane wa Ondiek. Achola hakudai fidia wala hakumlaani mtu. Aliomba siku moja awaite watu, walie upya, wachimbe shimo jingine upande wa pili wa boma na kumhamishia mumewe huko kwa heshima.

"Nyathina," alimwambia Dishon polepole, kama mama anayesema na mwanawe, "nipe siku moja tu. Huyu mtu hana mahali ingine."

"Dani, barabara haingojei matunda," Dishon alimjibu bibi wa watu, kisha akawageukia vibarua ili wacheke.

Walicheka wawili. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema, lakini huyu hakuwa hata mtumwa wa maana. Rachael alimwita pembeni akamsihi, naye akamwambia mama yake mzazi asimwaibishe mbele ya wafanyakazi. Nilimdharau siku hiyo, na sijajuta.

Wakafukua. Shuka ilikuwa imeoza, lakini tunda halikuoza wala kukauka baada ya miaka yote hiyo. Lilikuwa bichi. Lilikuwa limelowa. Kibarua aliyelitoa aliliweka chini, akapangusa mikono kwenye suruali tena na tena.

Dishon alilisukuma kwa kiatu hadi katikati ya njia. Dereva wa rola alipoliona, alizima injini akashuka. Basi Dishon akapanda mwenyewe, bingwa wa kila kitu, akalipitia.

Halikutoa mbegu. Lilitoa maji mengi kuliko liwezavyo kubeba tunda lolote, na ndani ya maji mlikuwa na omena, wale dagaa wa ziwani, wakirukaruka.

Achola hakupiga kelele. Alininong'oneza tu, "Sasa atarudi akae wapi?"

Ijumaa ikafika na mahema yake, vipaza sauti vyake na hotuba ndefu za watu waliokuwa wakiiona Kowidi kwa mara ya kwanza. Saa sita mchana Dishon alipewa nafasi ya kushukuru. Alisimama kwenye lami mpya. Akakohoa. Akakohoa tena. Maji yakamtoka puani. Yakamtoka mdomoni. Alirusha mikono juu, kama anayetafuta pa kushika. Akaanguka.

Daktari alisema amekufa maji. Tulikuwa kilomita mbili kutoka ziwani, jua la utosi.

Baada ya wiki tulimleta nyumbani kwa mazishi. Mume wangu alimtambua mochari, akamwona akivalishwa, akasafiri ameegemea jeneza. Tulilifungua uani ili watu wamuage.

Suti ilikuwa ya Dishon. Tai ilikuwa ya Dishon. Masharubu yalikuwa na mvi.

Rachael alirudi nyuma. Dishon hakuwa na mvi hata moja. Huyu alikuwa mtu wa makamo, na masikioni mwake mlikuwa na mchanga mbichi wa ziwa. Achola akaja na fimbo yake, akainama, akashusha mdomo wa chini wa maiti kwa kidole gumba. Meno sita ya chini hayakuwepo, yale waliyong'olewa wavulana wa kwetu zamani.

"Ni Ondiek," alinong'ona. "Amekuja na mwili wake."

Tulimzika upande wa pili wa boma. Achola alimlilia mumewe mchana kutwa, na alikuwa na haki hiyo.

Dishon hajapatikana. Ila pale palipokuwa na kaburi, lami imeinuka, urefu wa mtu aliyelala chali. Wahandisi wameisawazisha mara tatu, na kila mara siku ya tatu imeinuka tena. Mwishowe, kwa akili zao nyingi, wameipaka mistari myeupe na kusimamisha kibao cha kupunguza mwendo. Malori ya samaki hupita juu yake, gurudumu la mbele, kisha la nyuma.

Rachael akifika hapo huomba ashushwe. Hupita kandokando, kwenye nyasi, kisha huinama na kuweka sikio. Juzi aliniambia anamsikia mwanawe akikohoa, akanisihi nisikilize.

Niliinama. Nikamwambia ni ngurumo za malori tu. Barabara ilikuwa tupu.