Mfereji wa Adjida Syauswa

Kila asubuhi kabla ya shule, Kyakimwa alishuka na bidoni mbili za kutekea maji hadi kwenye chemchemi ya mtaa wao, huko Butembo. Na kila asubuhi alimkuta Adjida Syauswa amesimama pale. Mzee huyo alikuwa mwanajeshi kwa miaka mingi, na adjida kilikuwa cheo chake. Sare aliirudisha, lakini ukali alibaki nao. Alichungulia bidoni moja moja. Yenye utelezi ndani ilirudishwa nyuma ya foleni ikasuguliwe kwa mchanga, hata uwe mtoto wa nani.

Kazi yake kubwa ilikuwa mfereji. Aliuchimba mwenyewe juu ya chemchemi, ili maji ya mvua yanayopita kwenye vyoo vya kilimani yaende pembeni. Kila Jumamosi, siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja, mtaa mzima ulitoka na majembe kuuzibua, naye akiwa mbele yao.

Mwezi wa tisa akaugua, asiweze kuinuka. Kyakimwa alipompelekea maji, mzee alimuuliza swali moja tu.

"Mufereji iko muzuri?"

"Iko muzuri, Adjida."

Hakuwa ameuangalia. Kilima kilikuwa kirefu, na shule ilikuwa inamngoja. Mzee alitabasamu, akafumba macho. Siku mbili baadaye alifariki.

Watu walimlilia kwelikweli. Matanga yalichukua siku tatu, na kwa heshima yake salongo ya Jumamosi hiyo ikaahirishwa. Jumapili ikanyesha mvua kubwa. Mfereji ulikuwa umeziba, na maji machafu yakaingia moja kwa moja kwenye chemchemi.

Siku ya Jumanne, Salomon, mdogo wake Kyakimwa, alianza kuharisha na kutapika. Kufikia jioni alikuwa kitandani kwenye kituo cha afya, serumu ikidondoka mshipani, macho yameingia ndani. Mama yao alisali upande mmoja. Upande wa pili Kyakimwa alihesabu matone, akapoteza hesabu, akaanza tena. Hakuwa na lingine la kufanya. Alitaka kumwomba Adjida msamaha, lakini Adjida alikuwa kaburini.

Kesho yake Mama Kavuo, mjane wa Adjida, alileta uji. Kyakimwa akashindwa kuvumilia.

"Mama Kavuo, nilimudanganya Adjida. Aliniuliza juu ya mufereji, nikasema iko muzuri. Sikuangaliaka!"

Mama Kavuo aliweka sufuria chini. "Na mimi niliambia batu basitoke salongo. Nilisema bamuheshimu kwanza. Lakini tulimuheshimu namna gani? Tulilia siku tatu, mufereji ikaziba."

"Sasa nitamuambia Adjida nini?"

"Hautamuambia kitu tena, mutoto wangu. Ile imepita."

Kyakimwa alilia sana, na hakuna aliyemnyamazisha.

Alhamisi Salomon aliomba chakula. Jumamosi mtaa ulitoka wote. Walisafisha chemchemi, wakatia dawa ya klori, wakazibua mfereji hadi mchana. Kyakimwa alikuwa chini, kwenye chemchemi. Kabla hawajatawanyika, Mama Kavuo aliwasimamisha.

"Bwana yangu alikuwa anauliza, sababu mutu mumoja hawezi kuona yote. Kama haukuangalia, sema haukuangalia. Na kama unapenda kumukumbuka, shika jembe." Kisha akamgeukia Kyakimwa. "Mufereji iko muzuri?"

Watu wote walimtazama. Miguu yake ilikuwa imechoka.

"Sijui, Mama," alisema. "Ngoja niende kuangalia."

Akachukua jembe, akapanda kilima.