Sauti Kabla ya Maji ya Kusuuza

Shuka ilitoka kwenye mashine ya kufulia ikinuka nywele zilizoungua. Zumreta aliikunjua, akanusa tena upande wa pindo, kisha akairudisha ndani na kuongeza sabuni. Alidhani ni mpira wa mashine. Mashine yenyewe ilikuwa ya mitumba, imetoka kwenye hoteli moja ya mlimani iliyofungwa, pana kama kabati, ya kufunguliwa kwa juu, na katikati ya pipa lake ulisimama mhimili mnene wenye kikombe kileleni. Mumewe Mevludin aliinunua ili kumpunguzia kazi, na alijisifia nayo mtaa mzima.

Kazi ilikuwepo kweli. Mama yake Mevludin, Bi Raifa, alipigwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Ulimi ukafungwa, upande wa kulia ukafa, akabakiwa na macho na mkono wa kushoto. Shuka zake zilibadilishwa mara tatu kwa siku, siku nyingine nne. Mji mzima wa Travnik ulimsifu Zumreta. Wanawake walimsimamisha sokoni kumwambia kwamba mkwe wa namna yake hazaliwi tena, naye aliinamisha kichwa kama mtu anayeona haya kusifiwa. Haya aliona kweli, ila si kwa sababu waliyoidhani.

Hapa kwetu hakuna mwanamke anayemwaga maji ya moto bila kusema bismillahi. Hata wale ambao mara ya mwisho kuingia msikitini walibebwa mgongoni husema. Majini wanakaa panapomwagwa maji machafu, na hasa chini ya ukingo wa paa, panapodondokea mvua, na wao wana watoto kama sisi. Bi Raifa ndiye aliyemfundisha Zumreta hayo juma lile alipoletwa bibi harusi, na kwa miaka kumi na tisa ya kufua kwa beseni hakuwahi kusahau. Lakini beseni unaliinamisha kwa mikono yako. Mashine inajimwagia yenyewe, wewe uko jikoni unamenya viazi. Tena Mevludin, kwa kuwa tundu la bafuni lilikuwa linaziba, alilipitisha bomba la maji machafu ukutani likatokea nyuma ya nyumba, chini ya paa palepale. Mwezi mzima maji yanayotoa mvuke yalimwagika pale na hakuna aliyetaja jina la Mungu. Upumbavu mkubwa hivyo hauwezi kufanywa na mtu mmoja peke yake, lazima wawe mume na mke.

Zumreta aliizoea mashine mpaka akazijua hatua zake kwa masikio. Kwanza maji yaliingia, kisha mhimili ukaanza kwenda kushoto na kulia ukizisukuma shuka huku na huku. Baadaye maji yalitoka yote, pipa likazunguka kwa kasi kukamua povu. Kilichomfurahisha zaidi kilikuwa dawa ya kulainisha nguo. Uliimimina kikombeni mwanzoni kabisa, nayo ikakaa humo kimya wakati wote wa kufua. Pipa lilipozunguka, dawa ilipanda ikagandamana kwenye kingo za kikombe, na pipa liliposimama ikateremka kupitia mhimili, ikangojea maji safi ya kusuuza ili ichanganyike nayo. Mwishoni kulikuwa na kukamua kwa pili, halafu kazi imekwisha. Kati ya pipa kusimama na maji ya kusuuza kuingia kulikuwa na kituo kifupi, kama cha mtu kuvuta pumzi mara nne, ambapo nyumba nzima ilikuwa kimya.

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, katika kituo hicho, Zumreta alisikia mtu akinong'ona bafuni.

Alikuwa mlangoni na ndoo mkononi, na mwanzoni alidhani ni maji yanapita kwenye bomba, kisha akadhani ni redio ya jirani, kisha harufu ile ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka chini ya mfuniko ikamjaa puani na kooni, na mnong'ono ukaja tena kutoka ndani kabisa ya mhimili, taratibu, maneno yaliyotamkwa vizuri moja baada ya jingine, na kabla hajayaelewa aliitambua sauti kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, pamoja na kile kikohozi kidogo anachokohoa kabla ya kusema jambo asilotaka lisikike.

"Kufa basi, mama. Kufa na mimi nipumzike."

Maji ya kusuuza yakaingia, na harufu ya mrujuani ya ile dawa ya kulainisha ikafunika kila kitu.

Zumreta aliketi juu ya ukingo wa beseni la kuogea. Maneno yale alikuwa ameyasema kweli. Aliyasema mara ya kwanza mwezi wa Februari, akiwa ameinama sikioni kwa mgonjwa, baada ya kubadilisha shuka mara ya nne kabla ya adhuhuri. Mara ya pili aliyasema kwa uchovu, na zilizofuata kwa mazoea tu, kama mtu anavyosema "haya" anapoinuka. Hakuna aliyemsikia isipokuwa mwenye masikio yale, naye hawezi kusema. Sasa aibu ilimshika mwili mzima. Jini hakumwogopesha kama wazo la Mevludin kusimama hapo mlangoni na kusikia. Mevludin alimpenda mama yake kwa namna ambayo wanaume wa kwetu huonyesha wakati wa mazishi tu, na yeye aliionyesha kila siku, akimlisha supu kwa kijiko baada ya kazi.

Kuanzia hapo alifua mumewe akiwa kiwandani tu, na kila pipa lilipokaribia kusimama alifungua bomba la sinki na kugonga masufuria. Hilo halikumsaidia. Siku moja jirani yake Hasnija alikuja kunywa kahawa bila kualikwa, akaketi jikoni na kipande cha sukari mdomoni, na mashine ikasimama. Hasnija alitega sikio. Akauliza nani yuko na mama huko ndani. Zumreta akasema ni redio. Hasnija aliiangalia redio iliyokuwa juu ya friji, waya wake umening'inia, akaimeza ile sukari, kisha akasema bila kumtazama kwamba ameona mvuke unatoka chini ya paa nyuma ya nyumba, na kwamba Bi Devleta bado anamwaga risasi iliyoyeyushwa kwa wanaohitaji kutolewa majini. Kahawa yake aliiacha nusu.

Bi Devleta aliishi juu ya duka la mikate. Alikuwa mwanamke mnene mwenye baridi yabisi, aliyewatoa watu hofu na majini kwa miaka arobaini na hakuwahi kuonekana na haraka. Alimfunika Zumreta kitambaa chekundu kichwani, akayeyusha risasi kwenye kijiko cha chuma, akaimwaga ndani ya bakuli la maji lililoshikwa juu ya utosi wake. Ililia kama mafuta ya kukaangia. Akarudia mbele ya kifua, kisha miguuni. Halafu alivua miwani, akakigeuza kile kipande cha risasi kilichoganda.

"Mmewaunguzia majini mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema nini?"

"Hasemi. Anagonga tu."

"Mwanangu, mimi nimezeeka, siwezi kuyeyusha risasi mara mbili kwa kazi moja. Anasema nini?"

Zumreta alikuwa chini ya kitambaa, na uso ulimwaka. Alifikiria wanawake wa sokoni. Alifikiria kijiko cha supu.

"Anagonga tu, Bi Devleta. Wallahi."

Bi Devleta alivaa miwani, akauliza maji ya mashine yanamwagwa wapi, akaelezwa. Kisha akamwambia aliondoe bomba pale, amwage sharubati ya sukari chini ya paa, awatake radhi wenyewe, na asiache kusema bismillahi kila mashine inapowashwa. "Aliyeunguzwa ataondoka," alisema akikikunja kitambaa. "Ila mimi natoa kile ninachoambiwa. Ambacho hukuniambia, hicho si cha jini, ni chako. Kitakaa."

Zumreta alifanya yote. Alimwambia mumewe kwamba ukuta unaota ukungu, naye akalihamisha bomba siku hiyohiyo. Sharubati ilimwagwa, radhi ikaombwa, machozi yalimtoka kidogo. Harufu ya kuungua ikaisha. Majuma mawili mashine ilifua, ikakamua, ikasuuza, na kile kituo kifupi kilikuwa kituo tu. Alianza kulala. Alianza hata kuimba, na kwa mgonjwa hakunong'ona tena neno, ingawa hakuweza pia kumtazama machoni.

Alhamisi moja Mevludin alikuwa na mapumziko. Zumreta alikuwa jikoni amelitandaza donge la unga juu ya meza nzima, jembamba kama karatasi, anataka kulijaza mchicha, aliposikia mashine ikikamua. Hakuwa ameiwasha yeye. Alitoka mbio na unga mikononi, akamkuta mumewe bafuni amekunja mikono ya shati, amejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi ya nyumbani mara moja kwa mwaka.

"Pumzika leo," alisema Mevludin. "Shuka za mama nimezifua mimi."

"Ulisema bismillahi?"

"Kwa mashine? Hebu niache, mwanamke."

Pipa lilikuwa katika kasi yake kubwa na dawa imepanda kwenye kingo za kikombe, na Zumreta, ambaye alijua kwamba baada ya mwendo huu kuna kimya na katika kimya kuna sauti yake, hakufikiri, aliruka akaushika mfuniko kwa mikono yote miwili akaufungua ili kuizima, naye mumewe akacheka akamshika kiuno akidhani ni mchezo, na mashine, kama zilivyo mashine zote za kufunguliwa juu, ilipoona mfuniko umeinuka ikasimama, pipa likapunguza mwendo, likapunguza, likatulia, dawa ikashuka ndani ya mhimili, na kimya alichokuwa anakikimbia kikaja mapema kwa mikono yake mwenyewe.

Mnong'ono ulikuja wazi kwa kuwa mfuniko ulikuwa wazi. Zumreta alifumba macho.

"Mama," ulisema, "ungekufa siku ileile ulipoanguka, ningekulilia. Sasa hata kulia siwezi. Niachie, mama. Niachie kidogo."

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito, ya mwanamume, yenye kwikwi mwishoni. Alifumbua macho. Mikono ya Mevludin ilikuwa imemtoka kiunoni. Alikuwa amesimama na mabega yameshuka, uso mwekundu mpaka masikioni, akiliangalia pipa kama mtoto aliyejikojolea darasani.

Zumreta angeweza kunyamaza. Sauti yake haikutoka, na mumewe hakujua lolote. Alikaa na nafasi hiyo mkononi kwa muda aliokuja kuuonea aibu baadaye kuliko mengine yote.

"Mimi pia," alisema mwishowe. "Mimi mara nyingi."

Mevludin hakumtazama. Aliitikia kwa kichwa tu, na Zumreta hakujua anakubali nini. Akaushusha mfuniko, na maji ya kusuuza yakaanza kuingia.

Kutoka chumba cha mgonjwa ukaja ule mkwaruzo wa kucha ukutani ambao Bi Raifa aliutumia kuita akiwa amelowa. Ukuta wa chumba chake na wa bafuni ulikuwa mmoja, wa matofali membamba. Yote yaliyosemwa na mashine kwa majuma yote yale yalikuwa yamesemwa hatua mbili kutoka kwenye mto wake.

Waliingia pamoja, mmoja kila upande wa kitanda, wakaanza kuvuta shuka. Bi Raifa alimtazama mwanawe, akamtazama mkwe wake. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, polepole, akajifunika macho, kama anayewaondolea wao kazi ya kuyakwepa, na hakuuondoa mpaka walipomaliza.