Kura Yenye Jina

Tryphena alijifunza kuandika jina lake akiwa na mvi kichwani. Tangu siku hiyo aliliandika kila mahali. Aliliandika kwa kidole kwenye unga kabla ya kusonga ugali. Aliliandika kwenye majivu ya jikoni. Mumewe, Silvanus, alimtania.

"Mama Noah, kesho utaliandika hata kwa ng'ombe."

"Wewe ona wivu tu," alimjibu.

Waliishi Mwanda, juu milimani. Walilima mahindi na maharagwe pamoja na Alice, mke wa mwana wao. Noah mwenyewe alikuwa kazini Voi. Alice alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilitoka njiani, akibebwa kwa machela kwenda Wundanyi. Zahanati ya Mwanda ilikuwa karibu, lakini ilikuwa imefungwa. Diwani Hillary alikuwa ameigeuza ghala la mahindi yake, bila haya.

Mwaka huo wa 1997, chama kiliitisha kura ya mchujo. Huko kwao, mtu akishinda mchujo ni kama ameshapata kiti. Hillary alitaka kurudi. Mwandawiro, mkulima mwenzao, alisema akipita ataifungua zahanati mara moja.

"Mtoto wangu atazaliwa mwezi wa pili," Alice alisema. "Mpigieni huyo, mama."

Siku ya kura ukungu ulitanda shuleni. Safari hii hapakuwa na mlolongo, ule wa kusimama nyuma ya mtu wako mbele ya macho ya wote. Kulikuwa na karatasi. Wagombea wote walikuwa wa chama kimoja, kwa hiyo alama ya chama isingewatofautisha. Kila mmoja alipewa picha yake. Hillary alikuwa kiti, Mwandawiro alikuwa jembe.

Tryphena aliweka alama safi kwenye kisanduku cha jembe. Kisha akaona nafasi nyeupe chini ya karatasi. Kwa chifu, ukipewa kitu unaandika jina. Akaliandika, herufi kwa herufi. Wenzake wa darasa la ngumbaru, lile la watu wazima, waliandika pia. Walitaka Mwandawiro ajue ni akina nani waliosimama naye.

Kura zilihesabiwa uwanjani. Msimamizi alikuwa Mwalimu Nuha, kutoka Kaloleni, Voi. Aliinua kila karatasi watu waione.

"Hii imeharibika," alisema. "Ina jina la mpiga kura."

Alilifunika jina kwa kiganja. Lakini mkia wa Y ulichungulia chini ya kidole, na Tryphena aliujua mkia huo.

Karatasi zilizoharibika zikazidi kuongezeka. Hillary alishinda. Kama zile zingehesabiwa, angeshindwa.

Tryphena alimfuata Nuha.

"Mwalimu, alama yangu iko kwa jembe. Hukuiona?"

"Nimeiona, mama yangu. Wallahi ningependa kuihesabu. Sheria hainiruhusu."

"Jina langu lina kosa gani? Nimelisomea mwaka mzima!"

"Halina kosa. Lakini kura ni siri. Ikiwa na jina, mkubwa atajua nani aliyemnyima, kesho akutishe. Mwingine atakununua, kisha atafute jina lako aone kama ulimpa. Weka alama moja, ndani ya kisanduku cha mtu mmoja. Usiandike kitu kingine. Kunja, tumbukiza."

"Mbona hukutuambia asubuhi?"

Nuha aliinamisha macho. "Kweli, mama. Ilitupasa kuwaambia."

"Basi nipe karatasi nyingine."

"Ukishatumbukiza, hakuna nyingine."

Mwezi wa pili Alice alishikwa na uchungu. Walipita mbele ya zahanati, kufuli likiwa mlangoni. Mvua iliwakuta njiani na machela. Mtoto alikufa kabla ya kufika Wundanyi. Walimzika hata hajapewa jina. Tryphena hakuandika tena, wala kwenye unga.

Baadaye Hillary alihamia chama kingine. Kiti kikabaki wazi, mchujo ukaitishwa tena. Tryphena akarudi darasani, akachukua chaki, akachora visanduku ubaoni.

"Alama moja," alisema. "Majina yenu yaacheni nyumbani. Langu limeninyima mjukuu."

Jirani yake, Mable, akauliza, "Na mkono ukikosea?"

"Usitumbukize. Mrudishie msimamizi karatasi, akupe nyingine."

Siku ya kura, hakuna karatasi hata moja ya Mwanda iliyokutwa na jina. Mwandawiro alipita, na baada ya uchaguzi zahanati ikafunguliwa.

Jioni ya siku ilipofunguliwa, Tryphena alimkuta Alice shambani, akipalilia maharagwe.

"Mwanangu, zahanati imefunguliwa. Kuna muuguzi."

Alice hakuinua kichwa.

"Vizuri, mama," alisema. "Imefunguliwa."

Akaendelea kupalilia. Tryphena alisimama kidogo, kisha akachukua jembe lake, akaanza mstari wa pili.