Behewa la Nne

Nilitumwa betri. Nne, zile nene za duara, na niwe nimerudi kabla ya saa kumi na mbili na robo jioni. Mwenye duka akazitoa moja moja, taratibu makusudi, huku ananichungulia juu ya miwani.

"Mzee wako bado anaendesha treni yake ya mezani?"

"Bado."

"Mwambie aniwekee siti ya dirishani basi."

Wateja wawili wakacheka. Nikachukua betri zangu nikatoka. Zamani ningemjibu, tena jibu la kumkaa kooni wiki nzima. Siku hizi hata hasira sina. Iliisha tu, kama gesi kwenye mtungi.

Aliyenituma ni Baba, akiwa kitandani hospitali. Asubuhi aliteleza bafuni, shangazi akamkimbiza, wakamlaza. Mchana nilipokwenda kumwona hakuniuliza kama tumekula. Alinishika mkono.

"Betri zimekufa," akanong'ona. "Leo utakaa wewe."

"Sawa."

"Kengele ikilia mbili, itikia mbili. Treni itaingia. Hesabu mabehewa. Yatakuwa matatu. Ukishahesabu, zima, ondoka. Tatu usigonge."

"Najua, Baba."

"Hujui. Hata ukiona nini... tatu usigonge."

Kucha zake ziliniacha na alama.

Nieleze kidogo, maana mtu baki hawezi kuelewa. Baba alikuwa mtu wa ishara kwenye stesheni ya mwisho ya ile reli nyembamba, ile ya vitreni vidogo ambavyo ukikimbia vizuri unavipita. Njia ilikuwa moja, kwenda na kurudi. Treni ikiingia, kazi ya Baba ilikuwa kuangalia taa nyekundu iliyofungwa mkiani. Akiiona, basi treni imefika yote, hakuna behewa lililokatika nyuma. Hapo ndipo anagonga kengele mara tatu. Mwenzake wa stesheni ya pili anasikia, anajua njia nyeupe, haina kitu, analeta treni nyingine.

Miaka minne nyuma, jioni moja ya mvua, nilimpelekea chakula kazini. Nikawa namwigiza mwalimu wangu wa hesabu, anavyotembea na suruali yake imembana. Baba akageuka kunitazama. Akacheka mpaka akashika ukuta. Treni ikaingia nyuma ya mgongo wake.

Akagonga tatu.

Behewa la mwisho lilikuwa limekatika kule kwenye kona ya mlima. Ndani watu saba. Mama yetu mmojawapo. Treni ya mizigo ikaondoka stesheni ya pili, ikaja.

Ndiyo hivyo.

Reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mimi shule nikaacha, nisingeweza kukaa tena darasa moja na yule mwalimu. Mdogo wangu, tunamwita Kidoti, alikuwa na miaka minne, hata kilio hakukijua vizuri. Na Baba akaanza kujenga.

Alijenga stesheni yake yote juu ya meza, chumbani kwake. Mataruma, yale magogo yanayobeba reli, ni njiti za kiberiti, moja moja, amezipaka oili chafu. Paa la bati alilipata kwa kukata kopo la maziwa na kulikandamiza juu ya kitana mpaka likatoka migongomigongo. Milingoti ya ishara ni spoku za baiskeli. Injini ina mota ya redio kaseti. Hata ule ufa wa kwenye ngazi za jukwaa ameuweka. Mtu akiona anasema huyu fundi, mpeni tuzo. Mimi nilikuwa naona mtu anajichimbia.

Ukutani alitoboa tundu, reli ikapita mpaka stoo. Stoo ndiyo stesheni ya pili. Mle mna kipande cha reli, kengele ya baiskeli, na giza. Kila jioni saa ile ile, kengele ya stoo inalia mbili. Yenyewe. Baba anaitikia mbili kwa kengele yake ya mezani, treni inatoka tunduni, inasimama jukwaani.

Mwanzo nilidhani kaweka saa au kamba. Siku moja nikaingia stoo kukagua. Waya wa kengele unashuka ukutani, unafika katikati... umekatwa. Haujafungwa popote.

Nikatoka. Nikaosha vyombo.

Mabehewa alitengeneza manne. La nne alilichonga kwa ubao wa benchi la behewa lenyewe, lile lililopondwa. Shangazi alininong'oneza kwamba kuna mtu alimletea Baba ule ubao, akampa na masharti. Mtu gani? Shangazi akageukia sufuria yake. Siku ya kwanza mabehewa manne yaliingia tunduni. Yakatoka matatu. Stoo tulitafuta hadi chini ya magunia. Hakuna kitu.

Tangu siku hiyo Baba hakugonga tatu hata mara moja. Kidoti akimuuliza, "Mama kafika?" anamjibu, "Bado yuko njiani."

Nikamwambia, Baba, unamdanganya mtoto. Hakukasirika.

"Simdanganyi. Njia sijaifungua. Kama sijaifungua, ile ya mizigo haijaondoka."

Nikamwachia meza yake.

Basi, jioni ile nikatia betri. Kidoti akapanda kwenye kiti chake, miguu inaning'inia. Nje watu wanatoka kazini, mtu anapiga honi, maisha yanaendelea. Saa kumi na mbili na robo.

Ngri... ngri.

Nikaitikia mbili. Nilitaka tu iishe nikapike.

Mota ikaanza kuunguruma. Injini ikatoa pua tunduni. Na harufu ikaja nayo. Chuma cha moto kikinyeshewa mvua. Halafu nyuma ya hiyo harufu, nyingine, nyembamba sana...

Mafuta ya nywele ya Mama.

Behewa la kwanza. La pili. La tatu.

Nikanyoosha mkono kuzima.

Mle tunduni mkawaka. Madirisha. Madogo kama kucha, yana mwanga wa njano, na kwenye dirisha moja kichwa kimeegemea kioo, anavyoegemea mtu aliyechoka safari. Nyuma yake, ukutani, wekundu.

Taa ya nyuma.

"Kaka!" Kidoti akaruka kitini. "Mama! Mama huyo!"

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anacheka. Sikumbuki lini nilimwona anacheka vile, mdomo wazi, pengo lote nje. Na mimi nikacheka. Kitu kikafunguka kifuani, kitu nilichokuwa nimekisahau kwamba kipo. Mkono wangu ulikuwa juu ya kengele.

Ngri. Ngri. Ngri.

Bado nacheka. Ndipo nikageukia meza.

Mabehewa matatu. Nyuma ya la tatu, kiungo kinaning'inia, kinabembea kidogo kidogo. Mle tunduni wekundu unarudi nyuma... unakuwa mdogo... unakuwa kama ncha ya sigara.

Haikuwa imefika. Haikuwa imefika yote.

Stoo kengele ikalia mbili.

Sikuitikia. Naapa sikuitikia. Nilishika kengele kwa mikono yote miwili isitoe hata mlio.

Ikaja hivyo hivyo.

Meza ikaanza kutetemeka. Njiti za kiberiti zikachezacheza, moja ikachomoka. Mngurumo ule haukuwa wa mota ya kaseti. Ulitoka chini, ukapanda kwenye miguu ya kiti, kwenye magoti, kwenye meno.

"Simama," nikauambia ukuta. "Simama jamani, kuna watu."

Halafu, mlio.

Mdogo tu. Kama mtu kakanyaga kiberiti.

Kimya. Nje mtu bado anapiga honi.

Nikachukua tochi nikaingia stoo. Juu ya reli kulikuwa na behewa la nne, limelazwa bapa, ubao umepasuka. Nililigusa. Lilikuwa la moto. Tena limelowa, na juu ya stoo yetu paa halivuji. Kitu kingine relini hakikuwepo.

Kesho yake asubuhi shangazi akapiga simu. Akasema jana jioni, saa kumi na mbili na robo na dakika kidogo, Baba aliketi kitandani akauliza kwa sauti, wodi nzima ikasikia, "Nani kagonga tatu?" Kisha akalala. Akalala mpaka asubuhi, kitu ambacho hajakifanya miaka minne.

Alirudi siku ya tatu, anachechemea. Nikamkabidhi behewa mkononi. Nilijua atanipiga. Ningependa anipige.

Akaligeuza. Akanusa ubao.

"Uligeuka?"

"Niligeuka."

Akatikisa kichwa kukubali. "Hata mimi."

Hilo tu. Tukakaa chumbani watatu, kila mtu na kiti chake. Saa kumi na mbili na robo ikafika. Ikapita. Kengele haikulia. Nilisikiliza moyo wangu mwenyewe, nikaona unapiga kawaida kabisa, kama wa mtu anayesubiri foleni.

Kidoti akamvuta Baba shati.

"Baba, Mama kafika?"

Baba aliitazama ile stesheni yake. Paa la kopo, ngazi zenye ufa.

"Amefika," akasema.

Nikasubiri mtoto alie. Nilikuwa tayari nimeandaa mkono wa kumshika. Kidoti akatikisa mguu wake tu.

"Mimi najua," akasema. "Yuko hapo mlangoni tangu juzi. Lakini hawa wengine mbona hamuwakaribishi? Wamesimama tu wote sita, wanachuruzika maji."

Hatujawahi kumwambia walikuwa wangapi. Si mimi, si Baba, si shangazi.

Baba hakuugeukia mlango. Mimi pia sikuugeukia. Sakafuni, nyuma yangu, tone likadondoka. Halafu lingine.

"Lete viti," Baba akanong'ona.

Nyumba nzima ina viti vitatu. Nikasimama kwanza, nikatoa changu.